Mwanafunzi akiuliza kwenye mfumo, nani anamjibu?

Hii ni hotuba niliyoitoa Morogoro mbele ya walimu wa sekondari na wakufunzi wa vyuo. Wengi ambao hawakufika wameomba maandishi, nimeiweka yote kama nilivyoisema, zile picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu walimu, wakufunzi, wakuu wa shule na wakuu wa vyuo mliopo, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana wenzangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mifumo ya kujifunzia mtandaoni, hii tunayoiita LMS, iwe Moodle, iwe Google Classroom, iwe Canvas, yoyote ile mliyonayo huko kwenu. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kusimamia mfumo wa namna hiyo chuoni, nafungua akaunti, narudisha paswedi zilizosahaulika, naandaa kozi kabla semista haijaanza, alafu usiku naangalia nani ameingia na nani amekwama. Kwa hiyo sitawaambia leo kwamba teknolojia ni nzuri, hilo mmeshaambiwa kwenye semina nyingi mno. Nina swali moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: mwanafunzi akiuliza swali kwenye mfumo, nani anamjibu? Na anamjibu lini?

Tuanze na huo Moodle wenyewe maana ndio uliopo kwenye vyuo vingi hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanautumia, Chuo Kikuu Huria wanautumia. Mnajua ulitoka wapi? Aliyeutengeneza ni Martin Dougiamas, ni Mwaustralia. Huyu bwana amekulia jangwani Australia Magharibi, mbali kabisa na miji, na masomo yake ya utotoni aliyapata kwa redio. Kule kwao wana kitu kinaitwa School of the Air, yaani shule ya hewani, kilianzia Alice Springs mwaka 1951, kwa ajili ya watoto wa wafugaji na wengine wanaoishi mbali mbali kiasi kwamba huwezi kuwakusanya darasa moja. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Redio ile haikuwa ya kusikiliza tu kama hii ya sebuleni, ilikuwa ya mawasiliano, zile za kubonyeza unaongea unaachia unasikiliza. Mwalimu anaita jina, mtoto anaitika. Mtoto anauliza, mwalimu anajibu hapo hapo, na wenzake walio mbali huko wote wanasikia swali na wanasikia jibu.

Huyo mtoto amekua, yupo chuo kikuu cha Curtin mjini Perth anasimamia mfumo mmoja wa kulipia uitwao WebCT, haridhiki nao, anaanza kutengeneza wake, na Agosti 2002 anatoa toleo la kwanza rasmi la Moodle na kuligawa bure, mtu yeyote achukue, abadilishe, atumie. Ukiufungua ndani utaona mawazo yake yapo wapi. Kuna jukwaa la majadiliano, kuna sehemu ya wanafunzi kuandika ukurasa mmoja kwa pamoja, kuna sehemu ya wanafunzi kusahihishana kazi wao kwa wao, kuna kamusi ambayo darasa zima linajaza. Vyote hivyo vimewekwa ili watu waongee!

Na sisi tumeufanya nini? Tumeufanya stoo. Nasema kwa uchungu kwa sababu nazifungua hizo kozi, naziona. Wiki ya kwanza PDF, wiki ya pili PDF, wiki ya tatu PDF, wiki ya nne hakuna kitu, wiki ya kumi na nne PDF nane kwa mpigo maana wakaguzi wanakuja. Jukwaa lipo, na ndani yake kuna mwanafunzi mmoja ameandika "mwalimu samahani naomba kuuliza" na chini yake kimya. Mwanafunzi akiuliza nani anamjibu? Stoo haijibu.

Sasa tabia hii imetoka wapi? Kwa maoni yangu nyingi ilitoka mwaka 2020. Mnakumbuka, Machi 17 shule zikafungwa, kesho yake vyuo, na vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni 1. Katikati hapo kila mkuu wa chuo akakumbuka kumbe tuna mfumo, na amri ikawa moja nchi nzima, pakieni notsi. Hakuna aliyesema jibuni maswali, amri ilikuwa pakieni. Na walimu wakapakia kweli kweli, siwalaumu, wengi walikuwa hata hawajawahi kuingia, wengine paswedi waliipata siku hiyo. Mzee mmoja mwenye notsi zake nzuri za miaka mingi, zimeandikwa kwa mkono, akazipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, akaunganisha, akaleta faili la zaidi ya MB 80. Notsi zile zile zikichapwa kwenye kompyuta hazifiki hata MB 1. Sasa fikiria binti yupo kijijini kwa wazazi, bando lake la siku, anabonyeza notsi za somo moja, bando limeisha kabla faili halijashuka nusu. Kesho yake haingii tena. Na sisi kwenye ripoti tunaandika kwamba wanafunzi hawana mwamko.

Hapa niseme jambo la kiufundi kidogo kwa sababu linaumiza watu na dawa yake ni rahisi. Kabla hujapakia kitu angalia uzito wake. Notsi zichapwe. Picha zipunguzwe. Video ya saa nzima ya wewe umesimama ubaoni inaweza kufika hata GB 1, nani atailipia? Lakini sauti yako ya dakika 10 ukiihifadhi vizuri kwa ubora wa kuongea tu ni kama MB 2 na nusu, na mwanafunzi anaisikiliza akiwa anapika, akiwa kwenye daladala, akiwa analima. Kuna walimu wa lugha na wa historia wamelijua hili na wanafunzi wao wanawashukuru. Zungumza nao kwa sauti, ni nyepesi na wanakusikia wewe.

Narudi kwenye swali langu.

Wakubwa zangu mliopo hapa mtakumbuka Mtu ni Afya. Mwaka 1973. Nchi nzima inafundishwa usafi, malaria, kuhara, kichocho, kuchimba vyoo, kwa redio. Walishiriki watu wapatao milioni 2, na wakati huo intaneti haikuwepo, umeme vijijini hakuna, redio yenyewe kijiji kizima labda zipo mbili. Leo ukisoma habari za kampeni ile watu wanasifia redio. Lakini ilikuwa redio peke yake? Haikuwa. Waliunda vikundi vya kusikiliza, na kila kikundi kina kiongozi aliyepewa mafunzo na kina kijitabu. Kipindi kikiisha redio inazimwa alafu ndipo somo linaanza, mama anauliza, mzee anabisha, kiongozi anajibu, kikundi kinakubaliana kesho tunachimba choo kwa nani. Redio ilifikisha sauti, kikundi ndicho kilichofundisha. Ukitoa vikundi ukabakiza redio, ungepata matangazo mazuri ya afya na vyoo visingechimbwa.

Na jambo hili hatujalisahau kabisa, nashukuru. Walimu wa shule mliopo hapa mnaijua MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Taasisi ya Elimu imeweka mfumo wake wa mtandaoni wenye moduli ambazo mwalimu anaingia na kujisomea, lakini haikuishia hapo, kuna jumuiya za ujifunzaji pale pale shuleni, walimu wanakaa pamoja wanajadili kilichowasumbua darasani. Sasa niulize na mnijibu kwa ukweli, mkikaa kwenye jumuiya ndio mnaelewa zaidi au mkiwa peke yenu na simu usiku? (Ukumbi ulijibu kwa sauti moja: jumuiya.) Haya. Kama sisi watu wazima wenye vyeti tunahitaji mtu wa kutujibu, mtoto wa kidato cha pili je?

Sasa niwape kisa ambacho ndicho kimenifanya nije hapa. Sitataja chuo.

Kuna mama mmoja, muuguzi, yupo upande wa Sumbawanga, anasoma diploma huku anafanya kazi. Anaingia zamu ya mchana, anarudi nyumbani, anapikia watoto, wanalala, ndipo anafungua simu. Saa zake za kusoma ni kuanzia saa nne usiku. Kwenye rekodi za mfumo unamuona kabisa, anaingia saa nne, anatoka saa sita, karibu kila siku. Wiki ya tatu akakwama kwenye hesabu za kipimo cha dawa, yaani daktari ameandika kiasi fulani, chupa ina nguvu fulani, je umpe mgonjwa mililita ngapi. Akauliza jukwaani, swali zuri lenye adabu, ameonyesha na hatua zake mpaka pale alipokwama. Hakujibiwa. Akauliza tena wiki iliyofuata kwa maneno machache. Hakujibiwa. Baada ya hapo unaona kwenye rekodi saa zinapungua, anaingia dakika kumi, anaingia dakika tano, alafu anaingia siku ya kukusanya asaimenti tu. Jibu liliandikwa semista imeisha, na lilikuwa mstari mmoja, "rejea notsi za wiki ya 3."

Ndugu zangu, huyu ni mtu anayewapimia wagonjwa dawa. Hakushindwa kwa uvivu, rekodi zinaonyesha alikuwa anasoma kuliko wengine wote darasani. Hakushindwa kwa mtandao, alikuwa anaupata. Alishindwa kwa sababu upande wa pili hapakuwa na mtu. Na mkufunzi wake naye nilizungumza naye, sio mtu mbaya hata kidogo, ana vipindi vya darasani vinavyojaa wiki nzima, ana wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa kuwatembelea hospitali, na kazi ya kujibu mtandaoni haipo popote kwenye ratiba yake. Ajibu saa ngapi? Kama angejibu, angejibu kwa muda wa watoto wake.

Hapa ndipo nawageukia wakuu, kwa heshima zote. Mkuu wa shule, mkuu wa chuo, ukinunua kompyuta umelipa, ukinunua seva, ile kompyuta inayobeba mfumo, umelipa, ukilipia intaneti umelipa. Saa za mwalimu kujibu umezilipa wapi? Kama kipindi cha darasani kinahesabiwa kwenye mzigo wa kazi, kwa nini kukaa saa mbili unajibu maswali ya wanafunzi themanini hakuhesabiwi? Moodle ni bure, ndiyo, leseni yake ni bure, lakini mwalimu sio bure. Mkishaamua kuweka kozi mtandaoni wekeni na saa za kujibu kwenye ratiba, ziandikwe, zionekane, mwalimu akiwa kwenye saa hizo asiitwe kikao. Na mkitaka kupima walimu wenu msinipigie simu kuuliza nani amepakia kozi ngapi, niulizeni maswali mangapi yamekaa zaidi ya siku mbili bila kujibiwa. Hiyo ripoti naweza kuwapa, mfumo unaandika tarehe na saa ya kila kitu. Kila mwaka naombwa ile ya kwanza. Hii ya pili sijawahi kuombwa.

Na walimu wenzangu msifurahi sana mkadhani nimewamalizia wakuu tu. Kuna mambo mengine hayasubiri mkuu. Nina mwenzangu anafundisha hesabu, darasa lake ni kubwa, na wanafunzi wanampenda kwa sababu moja, wanajua saa yake. Mwanzo wa semista aliandika juu kabisa ya kozi: najibu Jumanne na Ijumaa saa mbili usiku. Basi. Hajibu saa nane za usiku, hajibu Jumapili, lakini Jumanne ikifika saa mbili yupo. Ukiuliza Jumatano unajua utasubiri mpaka Ijumaa na unasubiri kwa amani. Kinachomvunja mwanafunzi moyo ni kutojua kama kuna mtu, kuchelewa anavumilia.

Alafu mwenzangu huyo anafanya jambo jingine, swali la kwenye grupu la WhatsApp halijibu kwenye WhatsApp. Anamwambia mwanafunzi kwa upole, lilete jukwaani. Kwa nini? Kwa sababu WhatsApp jibu linazama chini ya picha za harusi na salamu za asubuhi, mwezi ujao mwingine anauliza lile lile. Jukwaani linakaa, darasa la mwakani litalikuta. Baada ya muda wanafunzi wenyewe wakaanza kujibizana, yeye anapita tu kusahihisha. Ile shule ya hewani ya Alice Springs, swali la mmoja linasikika na wote, ndiyo hiyo hiyo.

Na kuna majibu ambayo mfumo unaweza kukusaidia kutoa. Watu wengi wanatengeneza testi ya mtandaoni inayosema "umepata 4 kati ya 10" na kunyamaza. Sasa hiyo imemfundisha nini? Kwenye kwizi za Moodle kila jibu la kuchagua lina sehemu ya wewe kuandika maelezo, akichagua B mwambie umesahau kubadili gramu kuwa miligramu, akichagua C mwambie umegawanya kinyume. Yule muuguzi wa Sumbawanga angelikuta hilo saa tano usiku angelala ameelewa. Na kuna aina ya swali la hesabu ambapo mfumo wenyewe unabadilisha namba, kila mwanafunzi anapata zake, wakikaa pamoja hawawezi kunakili jibu, wanalazimika kuelezana njia. Unalitunga mara moja kwa jasho, linakutumikia miaka. Mkikaa walimu watano wa somo moja kutoka vyuo tofauti mkagawana mada, semista moja mnayo benki ya maswali ya kutosha.

Najua wengine mnasema moyoni, huyu anaongea kama kila mahali kuna mtandao. Hapana, nalijua. Mei 12 mwaka 2024 nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, siku kadhaa intaneti ni ya kubahatisha. Siku zile nani aliendelea kufundisha? Wale wenye seva ndani ya majengo yao, maana mwanafunzi aliyepo chuoni akiunga kwenye waifai ya chuo haendi baharini, anaenda chumba cha pili. Kwa shule za sekondari nawasihi mfikirie hilo kwanza kabla ya kitu kingine. Wanafunzi wenu hawaruhusiwi simu shuleni, sawa, basi chumba cha kompyuta ndio dirisha lao, na kompyuta moja ya kawaida inaweza kuwa seva ya chumba kizima bila senti ya bando. Kuna programu ya bure inaitwa Kolibri imetengenezwa kwa ajili hiyo hasa, shule zisizo na intaneti, unaiwekea masomo mara moja ukiwa mjini, unarudi nayo. Na kwa wa vyuo, apu ya Moodle ya simu inaruhusu mwanafunzi ashushe kozi akiwa na waifai alafu asome akiwa nje ya mtandao, na akirudi mtandaoni alichoandika kinapanda. Wanafunzi wengi hawaijui apu hii. Wengi sana! Dakika kumi za wiki ya kwanza zingetosha kuwaonyesha.

Kuhusu ChatGPT, ile programu ya akili bandia inayojibu maswali, nitasema kidogo maana nimeona vikaratasi vya maswali vimeshafika mezani. Ndiyo, wanafunzi wanaitumia, insha zinakuja zimenyooka kuliko za mwalimu. Lakini tujiulize wanaenda kule kutafuta nini. Baadhi wanatafuta njia ya mkato, hao tutawadhibiti kwa kuwaomba hatua zao, rasimu ya kwanza, sauti ya dakika mbili akieleza alichoandika. Wengine, na nadhani ni wengi, wanaenda kule kwa sababu kule wakiuliza wanajibiwa, hata saa saba usiku. Wanajibiwa wakati mwingine kwa makosa, na hakuna anayewafahamu pale, lakini wanajibiwa. Mwalimu anayejibu anamjua mwanafunzi wake kwa maswali yake, akileta insha isiyo yake ataijua kwenye aya ya kwanza.

Mwisho nina ombi la leo hii, sio la semista ijayo. Wengi mna laptopu hapo mbele yenu na ukumbi una waifai. Mimi na vijana wangu tutapita meza kwa meza. Fungua kozi yako moja, nenda jukwaani, tafuta swali la zamani kuliko yote ambalo halijajibiwa, na lijibu sasa hivi, hata kama huyo mwanafunzi ameshamaliza chuo. Alafu juu ya kozi andika siku zako mbili na saa yako. Chai itakuja saa nne na nusu, tunazo dakika arobaini. Aliyesahau paswedi anyooshe mkono nije nimrudishie.